Kuichunguza Nambari Kubwa: Kutoka Sensa ya Kisumu hadi Daftari la Mgongo Wazi

Nambari 1,155,574 ni idadi ya watu waliohesabiwa katika Kaunti ya Kisumu kwenye sensa iliyoanza usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Ndani yake wamo wakazi wa Obunga, mtaa wa jijini Kisumu unaojulikana sana kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu. Matokeo yalitangazwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu Kenya mwezi Novemba mwaka huohuo, yakiwa yamegawa watu hao katika makundi matatu: wanaume 560,942, wanawake 594,609 na huntha 23, ambao sensa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kuwahesabu peke yao. Atakayejumlisha makundi hayo atapata idadi ileile iliyotajwa.

Nambari ya ukubwa huu huwatisha wanafunzi wengi, na huwafanya watu wazima waipite bila kuitazama mara ya pili. Hakuna sababu ya kuiogopa. Mtoto wa sekondari msingi aliyekwisha kufundishwa vigawo na nambari tasa anaweza kuichambua hadi mwisho kwa kalamu na ukurasa mmoja wa daftari, na mzazi aliyeacha shule zamani anaweza kumfuata hatua kwa hatua. Kinachohitajika ni utaratibu, pamoja na kujua ni sifa gani inayotafutwa. Kuna sifa za nambari yenyewe, ambazo hazibadiliki hata ikiandikwa kwa mtindo gani. Kuna sifa za maandishi yake, zinazotokana na desturi ya kuhesabu kwa makumi. Na kuna sifa za kitu kilichohesabiwa, ambazo hisabati peke yake haiwezi kuzitoa. Makosa mengi yanayosemwa kuhusu nambari kubwa hutokana na kuzichanganya sifa hizi.

Kazi huanza kwa kuigawa nambari katika makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 574, kisha 155, kisha 1. Kundi la kwanza ni la mamia, la pili ni la maelfu, la tatu ni la mamilioni. Mwanafunzi aandike makundi hayo kwa nafasi wazi, kwa sababu yatamfaa tena baada ya muda mfupi kwa kazi nyingine isiyo ya kusoma.

Hatua ya pili ni kutafuta vigawo vyake tasa. Tarakimu ya mwisho ni 4, kwa hiyo nambari ni shufwa, na nusu yake ni 577,787. Tarakimu mbili za mwisho, 74, hazigawanyiki kwa 4, kwa hiyo 2 inaingia mara moja tu. Jumla ya tarakimu zote ni 28, ambayo haigawanyiki kwa 3, basi 3 na 9 zinatoka. Haiishii kwa 0 wala 5, basi 5 inatoka pia. Hadi hapa hakuna jipya kwa mtu aliyepita darasani.

Wengi hukwama kwenye 7. Vitabu vingi vya shule hutoa kanuni za 2, 3, 5, 9, 10 na 11, kisha huiruka 7 au kumtaka mwanafunzi agawanye tu. Ipo njia nzuri zaidi, na inasikitisha kwamba haifundishwi mara nyingi. Nambari 1,001 ni zao la 7, 11 na 13. Kwa sababu hiyo, makundi yale ya tarakimu tatu tatu yakitolewa na kujumlishwa kwa zamu kuanzia kulia, baki la kugawanya kwa 7, kwa 11 au kwa 13 halibadiliki. Hapa hesabu ni 574 toa 155 ongeza 1, na jibu ni 420. Nambari ya milioni imegeuka kuwa nambari ya mamia. Sasa 420 hugawanyika kwa 7 bila baki, kwa 11 inabaki 2, na kwa 13 inabaki 4. Kwa mstari mmoja wa hesabu, vigawo vitatu vimepimwa: 7 ni kigawo cha 1,155,574, lakini 11 na 13 si vigawo vyake.

Ikigawanywa kwa 2 na kwa 7, inabaki 82,541. Kwa nambari hiyo kazi huwa ya subira. Hujaribiwa kwa 7 tena, kisha 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47 na 53, na kila mara linapatikana baki. Mwanafunzi asiyejua lini aache huanza kukata tamaa hapa. Kanuni ya kuacha ni hii: anayetafuta kigawo tasa cha nambari hana haja ya kupita kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo huja viwili viwili, na kimoja kati yavyo lazima kiwe kidogo kuliko kipeuo hicho au kilingane nacho. Kipeuo cha pili cha 82,541 ni kama 287, kwa hiyo safari ina mwisho. Na kwa kweli inaisha mapema zaidi, maana 59 inagawanya: 59 mara 1,399 ni 82,541.

Je, 1,399 nayo ni tasa? Wanafunzi wengi huanza upya kuijaribu kwa 3, kwa 7, kwa 11, na huo ni upotevu wa wino. Kama 1,399 ingekuwa na kigawo kidogo kuliko 59, kigawo hicho kingekwisha kuonekana ndani ya 82,541, na hakikuonekana. Kwa hiyo kigawo chake chochote tasa ni 59 au zaidi. Lakini 59 mara 59 ni 3,481, ambayo imeshapita 1,399. Basi 1,399 ni tasa bila kugawanya hata mara moja zaidi. Hoja fupi kama hii ina thamani kuliko kikokotoo, na mwalimu afanye hima kuionyesha ubaoni, kwa maana humwonyesha mtoto kwamba kazi aliyokwisha kuifanya inaendelea kumlipa.

Matokeo ni kwamba 1,155,574 ni zao la 2, 7, 59 na 1,399. Hakuna njia nyingine ya kuiandika kama zao la nambari tasa isipokuwa kubadilisha mpangilio tu. Hii ndiyo kanuni ya msingi ya hesabu, ambayo mizizi yake imo katika kazi ya Euclid, miaka takriban 2,300 iliyopita. Anayetaka kumzoeza mtoto kwa nambari ndogo kwanza aanze na 1901, mwaka reli ya Uganda ilipofika ufukwe wa Ziwa Victoria mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Kipeuo chake hakifiki 44, kwa hiyo nambari tasa 14, kutoka 2 hadi 43, zinatosha kuthibitisha kwamba 1901 ni tasa. Mwinuko wa Kisumu kutoka usawa wa bahari, ambao kwa kawaida huandikwa mita 1,131, unatoa zoezi la upande wa pili: ni 3 mara 13 mara 29.

Vigawo tasa vikishajulikana, mengine yote hufuata kwa urahisi wa kufurahisha. Kila kigawo cha nambari hupatikana kwa kuchagua baadhi ya vile vinne na kuvizidisha. Kwa kila kimoja kuna njia mbili, kukichukua au kukiacha, na kwa vinne njia ni 2 mara 2 mara 2 mara 2, yaani vigawo 16. Navyo ni 1, 2, 7, 14, 59, 118, 413, 826, 1,399, 2,798, 9,793, 19,586, 82,541, 165,082, 577,787 na nambari yenyewe. Jozi iliyokaribiana zaidi ni 826 na 1,399. Kwa lugha ya kazi, watu wote waliohesabiwa Kisumu wangeweza kupangwa safu 826 za watu 1,399 bila hata mmoja kukosa nafasi, lakini wasingeweza kupangwa kwa tatu tatu, kwa tano tano wala kwa kumi kumi.

Vigawo 16 ni vichache kwa nambari ya ukubwa huu. Chini kidogo yake ipo 1,081,080, yenye vigawo 256, ambayo ni miongoni mwa nambari zinazozidi kila nambari ndogo kuliko zenyewe kwa wingi wa vigawo. Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja kwa anayepanga jambo. Plato, katika kitabu chake cha Sheria, alipendekeza mji wenye familia 5,040 kwa sababu idadi hiyo ina vigawo vingi, 60 kwa jumla, na ingegawanyika kwa kila nambari kuanzia 1 hadi 10. Chama cha akina mama cha kuchangiana kwa mzunguko, kile ambacho wengi kando ya ziwa hukiita nyoluoro, hakihitaji falsafa ya Ugiriki, ila kinahitaji hekima hiyohiyo. Wanachama 12 wanaweza kugawanywa katika makundi sawa ya wawili, watatu, wanne au sita kwa zamu za kwenda sokoni Kibuye au za kukusanya kuni. Wakiwa 13, hakuna mgawanyo sawa wowote isipokuwa mmoja mmoja. Kwa mwaka wa miezi 12, wanachama 12 pia hupata kila mmoja mwezi wake kamili. Katibu anayeandika katiba ya chama kipya afikirie idadi ya wanachama kabla ya kufikiria faini.

Wagiriki wa kale waliziainisha nambari pia kwa jumla ya vigawo vyake, ukiacha nambari yenyewe. Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika karibu mwaka 100 baada ya Kristo, alizigawa katika aina tatu. Jumla ikilingana na nambari, nambari ni kamilifu, kama 6, ambayo ni 1 ongeza 2 ongeza 3, au 28, 496 na 8,128. Jumla ikizidi, nambari ni zidifu, kama 12. Jumla ikipungua, ni pungufu. Kwa 1,155,574 hakuna haja ya kujumlisha vigawo 15 kimoja kimoja. Kwa nambari ambayo kila kigawo chake tasa kimeingia mara moja tu, huongezwa 1 kwa kila kimoja na kuzidishwa: 3 mara 8 mara 60 mara 1,400, jibu 2,016,000. Ni nadra hesabu ya namna hii kuishia kwa sifuri tatu, na mwanafunzi akiipata asidhani amekosea. Ikitolewa nambari yenyewe, zinabaki 860,426. Hizo ni chache kuliko 1,155,574, kwa hiyo idadi ya watu wa Kisumu ni nambari pungufu.

Kuhusu miraba, nambari hii ina jambo la kupendeza. Mraba wa 1,075 ni 1,155,625, yaani imeukosa mraba kwa 51 tu. Uwanja wenye safu 1,075 za nafasi 1,075 ungewapokea wote, na nafasi 51 zikabaki wazi. Lakini ukaribu huo usimdanganye mtu akaiita mraba. Haiwezi kuwa mraba, na kuna njia ya kulijua hilo bila kupima kipeuo: mraba wa nambari shufwa hugawanyika kwa 4, na mraba wa nambari witiri ukigawanywa kwa 4 hubakisha 1. Nambari hii hubakisha 2. Kwa hoja hiyohiyo haiwezi kuwa tofauti ya miraba miwili, maana tofauti ya 0 na 1 haiwezi kutoa 2. Haiwezi pia kuwa jumla ya miraba miwili, kwa sababu ina 7, nambari tasa inayobakisha 3 ikigawanywa kwa 4, na 7 hiyo imeingia mara moja. Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba kila nambari nzima ni jumla ya miraba minne au pungufu ya hapo. Legendre baadaye akaonyesha ni zipi zinazotosheka na mitatu. Hii ni mojawapo: 1,074 kwa kipeo cha pili, ongeza 37 kwa kipeo cha pili, ongeza 27 kwa kipeo cha pili. Mwalimu anayetafuta zoezi la kuzidisha ambalo wanafunzi wanaweza kulihakiki wenyewe hana haja ya kwenda mbali: 1,153,476 ongeza 1,369 ongeza 729.

Kwa wanahisabati wa leo nambari ya tarakimu saba ni ndogo mno. Nambari tasa kubwa zaidi iliyotangazwa mwezi Oktoba 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, na ikiandikwa yote ina tarakimu 41,024,320. Ugumu wa kurudi kutoka kwenye zao hadi kwenye vigawo vyake ndio uliofanywa kufuli. Mtu anayefungua tovuti ya benki kwenye simu yake Obunga mara nyingi analindwa na nambari ya tarakimu 617, zao la nambari mbili tasa ambazo hakuna mtu anayezijua isipokuwa mwenye ufunguo. Nambari ya aina hiyo yenye tarakimu 250 ilivunjwa na watafiti mwaka 2020, kwa kompyuta nyingi zilizofanya kazi pamoja. Anayehangaika na 59 na 1,399 kwa kalamu anafanya kazi ya jinsi ileile, na hapo ndipo mtoto anayeuliza faida ya vigawo ni nini anapostahili kupewa jibu la kweli.

Sasa sifa za maandishi. Jumla ya tarakimu za 1,155,574 ni 28, ambayo ni nambari kamilifu. Ni jambo la kuvutia macho, ila halisemi lolote kuhusu nambari yenyewe wala kuhusu Kisumu, kwa sababu linategemea desturi ya kuhesabu kwa makumi. Kompyuta huiandika nambari ileile 100011010000111110110, tarakimu 21 ambazo kati yake 11 ni 1, na 28 haionekani tena popote. Vigawo 2, 7, 59 na 1,399 vinabaki vilevile katika maandishi yote mawili.

Hata hivyo sifa za maandishi zina kazi kubwa, nayo ni kunasa makosa. Njia ya kutoa tisa imejulikana kwa wanahisabati wa Kiarabu tangu zama za kati, na bado haijapata mshindani kwa wepesi. Tarakimu za nambari hujumlishwa, kisha za jibu, hadi ibaki tarakimu moja. Kwa wanaume wa Kisumu, 560,942 hutoa 26, kisha 8. Kwa wanawake, 594,609 hutoa 33, kisha 6. Kwa huntha, 23 hutoa 5. Jumla ya 8, 6 na 5 ni 19, kisha 10, kisha 1. Nambari ya jumla yenyewe, 28, hutoa 10, kisha 1. Zinalingana.

Tuseme mama anayekaanga mgongo wazi ameandika manunuzi ya siku tano kwa shilingi: 2,450, 3,180, 1,975, 2,760 na 3,325. Jumla sahihi ni 13,690. Kwa tisa, siku hizo zinatoa 2, 3, 4, 6 na 4, jumla 19, mwisho 1, na 13,690 nayo mwisho wake ni 1. Sasa tuseme kwa haraka ya jioni, mafuta yakichemka, ameandika 13,960. Tarakimu ni zilezile, zimepishana tu, kwa hiyo kipimo cha tisa kinapita na shilingi 270 zisizokuwepo zinaongezeka kwenye karatasi. Huu ndio udhaifu wake, na ndiyo sababu anayeweka daftari asikitegemee peke yake.

Kipimo cha 11 huziba pengo hilo. Tarakimu hutolewa na kujumlishwa kwa zamu kuanzia kulia, na jibu likiwa hasi huongezewa 11. Kwa siku tano zilizotajwa mabaki ni 8, 1, 6, 10 na 3, jumla 28, ambayo ikiondolewa 22 hubaki 6. Kwa 13,690 hesabu ni 0 toa 9 ongeza 6 toa 3 ongeza 1, jibu hasi 5, ikiongezewa 11 ni 6. Zinalingana. Kwa 13,960 baki ni 1, na kosa limenaswa. Tarakimu mbili tofauti zilizo jirani zikibadilishana nafasi, kipimo cha 11 huliona kosa hilo sikuzote. Kuna pia dalili ya haraka ambayo wahasibu wa siku nyingi huijua: tofauti kati ya jumla mbili zisizolingana ikigawanyika kwa 9, kama 270, mtu ashuku kwanza tarakimu zilizopishana kabla ya kumshuku mwenzake wa biashara. Ugomvi mwingi wa pesa ungeisha kwa kugawanya kwa tisa.

Fikra hiyohiyo imo ndani ya nambari ya utambulisho ya kila simu, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Ina tarakimu 15, na ya mwisho si ya kutambulisha bali ya kuhakiki. Hutokana na kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, ambayo pia hutumika kwenye kadi za benki. Kanuni ni kuanzia tarakimu ya mwisho kabla ya ile ya kuhakiki na kuzidisha kwa 2 tarakimu moja, kuruka moja, na kuendelea hivyo kuelekea kushoto. Jibu likipita 9 hutolewa 9. Kisha zote hujumlishwa, na tarakimu ya kuhakiki ni ile inayoifikisha jumla kwenye kumi kamili. Kwa 1155574 jumla ni 25, kwa hiyo tarakimu ya kuhakiki ingekuwa 5. Mtu akipishanisha 5 na 7 akaandika 1155754, jumla inakuwa 27 na tarakimu inayodaiwa ni 3, hivyo kosa linajitangaza. Anayenunua simu ya mkononi iliyotumika aifanye hesabu hiyo, kisha alinganishe nambari ya kwenye kioo na ile ya kwenye boksi. Nambari isiyotimiza kanuni ni nambari iliyoandikwa vibaya au ya kubuni. Inayotimiza haithibitishi kwamba simu haikuibwa, na hilo lisisahauliwe.

Sifa za aina ya tatu zinahitaji uangalifu zaidi kuliko hesabu. Kaunti ya Kisumu ina maeneobunge saba: Kisumu Mashariki, Kisumu Magharibi, Kisumu ya Kati, Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Idadi ya watu nayo hugawanyika kwa 7, na jibu ni 165,082 kamili. Mtu anaweza kushawishika kuona mpango ndani yake. Hakuna mpango. Katika kila nambari saba zinazofuatana moja hugawanyika kwa 7, na hapa imetokea hivyo. Angezaliwa mtoto mmoja zaidi kabla ya usiku wa sensa, ulinganifu huo usingekuwepo. Tena 165,082 ni wastani, si idadi ya watu wa eneobunge lolote, na ripoti inayoandika kwamba kila eneobunge lina watu 165,082 inasema uongo kwa nambari sahihi.

Wastani huo una matumizi ya kisheria, na wananchi wanaohudhuria vikao vya mipaka wanapaswa kuujua. Kifungu cha 89 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaweka maeneobunge 290 na kutaka idadi ya watu wa kila moja ikaribie kiwango kinachopatikana kwa kugawanya watu wa nchi nzima kwa idadi ya maeneobunge. Kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini. Wakigawanywa kwa 290 inapatikana 164,014 na baki la 236, kwa hiyo kiwango ni karibu watu 164,015. Wastani wa Kisumu unapishana na kiwango hicho kwa watu elfu moja na ushei tu. Baki lile la 236 linaonyesha kwamba usawa kamili hauwezekani hata kabla ya mto, barabara au undugu kuzingatiwa. Anayedai mipaka iwe sawa kabisa anadai jambo ambalo hesabu yenyewe inalikataa. Dai linaloweza kutetewa ni la kubaki ndani ya asilimia zilizowekwa.

Katika aina hii ya tatu wamo pia wanaotafuta bahati. Michezo ya kubahatisha imeingia kila mtaa, na vijana wengine huchagua nambari kwa sababu ni tasa, au kwa sababu tarakimu zake zinatoa jumla inayopendeza. Droo ya haki haijui vigawo. Nambari tasa na isiyo tasa zina nafasi ileile, na aliyekosa mara nyingi hana deni analodai kwa nambari aliyoichagua. Mzazi anayemsaidia mtoto na nambari tasa ana nafasi nzuri ya kulisema hilo mapema.

Linabaki suala la kukadiria. Magazeti na maafisa husema Kisumu ina watu milioni 1.16, na kwa mazungumzo ya kawaida hilo linafaa, hasa kwa kuwa watu wamezaliwa, wamekufa na wamehama tangu usiku ule wa Agosti 2019. Lakini nambari iliyokadiriwa haifai kuchambuliwa vigawo. Milioni 1.16 ni 1,160,000, zao la 2 mara sita, 5 mara nne na 29, yenye vigawo 70. Vigawo hivyo, isipokuwa 1, 2, 4, 29, 58 na 116, vimebeba sifuri za makadirio, na havihusu watu wowote waliohesabiwa. Inagawanyika kwa 10 kwa sababu aliyekadiria alitaka iwe hivyo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi au katibu anayefanya mgawanyo wowote, wa watu au wa pesa za chama, aanze na nambari kamili, afanye hesabu yote kwa hiyo, aweke baki mahali panapoonekana, kisha akadirie jibu la mwisho peke yake.